Nzigire, Mchota Maji ya Vita

Watu wa South End, pale Louisville, walimjua Nzigire kwa shingo yake kabla ya kumjua kwa jina. Wengine walipotoka kwenye duka la vyakula vya nyumbani walipakia mchele garini, au walisukuma kigari cha duka mpaka mlangoni kwao wakakitelekeza nyasini. Nzigire alijitwika. Alipita kando ya barabara kubwa na gunia kichwani, mgongo umenyooka, mikono ikining'inia mitupu kama ya mtu aliyetoka kupunga upepo, na madereva walipunguza mwendo ili wamtazame. Wengine walipiga honi. Yeye alitazama mbele.

"Mama, gari iko," binti yake Sandrine alimlalamikia. "Ungenipigia tu."

"Gari yako iko na shingo?"

"Bantu banacheka."

"Bacheke. Mwenye kucheka hajanisaidia kubeba."

Karatasi zake za ukimbizi zilisema amezaliwa tarehe mosi Januari, kama nusu ya watu aliofika nao. Mwaka ulioandikwa ulikuwa wa kukisia. Alichokuwa na hakika nacho ni kwamba mwaka wa sitini na nne, vita vilipofika bondeni kwao, alikuwa hajavunja ungo. Kwa sababu hiyo alichaguliwa kuchota maji, na kwa sababu ya maji yale watu wa kwao hawakumwita kwa jina lake kwa muda mrefu.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli. Mashuka yalitoka kwenye mashine yakiwa ya moto, na wanawake wawili wawili waliyashika pembe wakayakunja. Mwenzake alikuwa Caritas, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, mwanamke mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi kama mashuka yale.

"Mama Sandrine," Caritas alimtania, "Kiswahili chenu cha Kongo kimevunjika miguu."

"Kilikimbia vita, njo maana kinachechemea. Chenu kilikaa kambini kinakula maharage."

Walicheka mpaka msimamizi akageuka kuwatazama. Lakini siku Caritas alipomuuliza kama ana ndugu waliobaki Kongo, Nzigire alikunja shuka tatu bila kujibu. Kisha akasema, "Nilikuwa na yaya mumoja, kaka yangu mukubwa. Aliitwaka Zihindula." Caritas akangoja zaidi. Hakupata.

Mwezi wa tatu mwaka wa 2015 simu ilipigwa kutoka Columbus, jimbo la Ohio. Aliyepiga ni Précieux, mwenyekiti wa chama cha watu wa bonde lao, kijana wa miaka arobaini na kidogo aliyesoma, mwenye sauti ya redio. Kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na tarehe thelathini ya mwezi wa sita, chama kilikodi ukumbi kule Hilliard, pembeni mwa Columbus, kusherehekea uhuru. Kulikuwa na chakula, ngoma, na watoto waliovaa rangi za bendera wasizojua maana yake. Na kulikuwa na wito. Précieux aliita mmoja mmoja majina ya vijana wa bondeni waliokufa wakipigania kile walichokiita uhuru wa pili, na ukumbi mzima ukajibu, "Yuko mbele!"

"Bon, Mama Nzigire," alisema Précieux. "Mwaka huu ni wa hamsini na tano tangu uhuru. Tunataka wito ufanyike kama zamani, na maji. Tumeulizauliza. Kati ya wasichana waliobeba maji ya vita, umebaki weye peke yako. Tunakuomba ubebe."

Nzigire alikuwa amesimama jikoni, simu begani, akimenya ndizi. Akaweka kisu chini.

"Na Zihindula mutamuita?"

 Sauti ya redio ilipungua.

"Mama, ile ni mambo ya bazee. Mimi sikuzaliwa. Majina ninapewa na Muzee Polycarpe wa Buffalo. Njo yeye peke yake alibaki kati ya bale walipanda mulima. Yeye akisema ndiyo, mimi nitamwita kaka yako kwa sauti yote Mungu alinipa."

"Na asiposema?"

"Donc... asiposema, mama, utanisamehe."

Sandrine, aliyesikia yote, alimwambia mama yake akatae tu. Wabebeshe maji mtu mwingine. Nzigire alichukua kisu akaendelea kumenya.

"Nikikataa watafurahi," alisema. "Kaka yangu wamemwacha nje miaka hamsini na kitu. Nikikaa nyumbani nitakuwa nimewasaidia."

Ili mtu aelewe kwa nini jina moja linaweza kumsumbua mwanamke mzima kiasi hicho, ni lazima arudi kwenye bonde la Ruzizi, chini ya milima inayopanda kuelekea Bukavu. Uhuru ulikuwa na miaka minne. Watu wa bondeni walikuwa bado wanalima pamba kwa bei ya kupangiwa, na wale waliokaa kwenye viti vya Wazungu walikuwa wamenenepa. Vijana wakasema uhuru wa kwanza umeliwa na wakubwa, twende tukautafute wa pili. Walikuwa na mishale, mapanga, na bunduki chache kuukuu. Na walikuwa na maji.

Mganga wao aliwanyunyizia kila asubuhi kabla ya vita. Alisema risasi ikimgusa aliyenyunyiziwa itayeyuka. Ila maji yalikuwa na sheria. Usiibe. Usiguse mwanamke. Usipinde njia. Na sheria iliyo mama wa zote: usigeuke nyuma. Anayegeuka, alisema, anawafungulia risasi wenzake wote. Ujasiri wa askari ulikuwa huo, kwenda mbele na kuacha nyuma kila kitu, hata sauti ya mama yako ikikuita.

Maji yalipaswa kuchotwa na msichana ambaye bado ni mtoto. Wakamchukua Nzigire. Kila alfajiri alishuka na chungu mpaka kijito cha chini ya mashamba ya pamba, pale pale wanawake walipolowekea mihogo, akapanda nacho kichwani bila kutazama kando. Kaka yake Zihindula alikuwa mmoja wa wapiganaji. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na kila alipopita mbele ya dada yake kunyunyiziwa alimnong'oneza neno moja la mzaha: "Usimwage."

Siku waliyopanda mlima, askari wa serikali walikuwa juu na bunduki ya kufyatua mfululizo. Polycarpe, kijana wa kilima jirani, alipigwa mguuni akaanguka. Wenzake walimsikia analia wakaendelea mbele, maana hiyo ndiyo sheria. Zihindula naye alimsikia. Akageuka. Akateremka, akamtia mgongoni, akamshusha mpaka mashambani. Saa hiyo hiyo, kule juu, vijana wengi walikuwa wanaanguka.

Hakuna aliyeficha jambo hilo. Wote walimwona. Jioni kamanda alitangaza kwamba waliokufa wameuawa na macho ya Zihindula. Asile na watu. Asinyunyiziwe tena. Asubuhi yake mstari ulipopangwa, Zihindula alisimama mstarini kama wengine. Mganga alichovya tawi ndani ya chungu alichoshika Nzigire, akanyunyiza, akanyunyiza, na alipofika kwa Zihindula akaliinua tawi juu, akalishusha kwa aliyefuata.

Zihindula hakutoka mstarini. Alimtazama dada yake, akasema, "Usimwage." Kisha akapanda mlima mkavu vile vile, wa mwisho nyuma ya wote, na hakuteremka tena.

Baba yao alikufa bila kulitamka tena jina la mwanawe. Nzigire alikua akiitwa "dada ya ule aligeuka," na wachumba wa bondeni walipita mlango wao kama wanapita nyumba ya ukoma. Akaolewa mbali, akakimbia vita vingine vilivyokuja baada ya vile, akamzika mume kambini Tanzania, akavuka bahari angani. Hata Louisville, nchi ya mashuka ya moto, kulikuwa na mabibi wawili kanisani waliojua.

Akaenda Buffalo.

Alisafiri kwa basi mwanzoni mwa mwezi wa nne, na mkoba wa sambusa za Sandrine mapajani. Mitaa ya Riverside ilikuwa bado ina theluji kwenye pembe za barabara, nyeusi kama majivu yaliyomwagiwa maji. Nyumba ya Polycarpe ilikuwa ya mbao, ndogo, rangi imebanduka upande wa mtoni. Alimfungulia mwenyewe, akiegemea fimbo, na alipomwona uso wake ukafunguka kabla hajaukumbusha kujifunga.

"Eeh! Mutoto wa maji! Bado unatembea kama muti wa bendera."

"Na weye bado unachechemea kama bata, Ya Polycarpe," alisema, akimwita kaka kama zamani.

"Bata anafikaka. Ingia, baridi inakulaga bantu huku."

Mkewe Goreth alileta ugali na sombe ya majani ya mihogo. Walikula, wakaulizana wafu na walio hai. Polycarpe alimwonyesha picha za wajukuu, alimwonyesha mto Niagara kupitia dirishani, akasema mto huu una haraka kuliko Ruzizi lakini hauna samaki wa maana. Sahani zilipoondolewa aliunyoosha mguu wake mbovu juu ya kistuli, akangoja. Alijua kilichomleta.

"Nataka Zihindula aitwe," Nzigire alisema.

"Nilijua."

"Basi jibu."

"Hapana, dada."

Alilisema bila ukali, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba basi la mwisho limeshapita. Nzigire alihisi moto unapanda kifuani.

"Mguu huu ulioweka juu ya kistuli, ni nani aliuteremsha?"

"Ni yeye. Kila siku nikivaa kiatu ninajua ni yeye. Sikumunyima shukrani. Mutoto wangu wa kwanza nilimuita Zihindula, na alikufa na ile jina." Polycarpe akaugusa mguu. "Lakini ile wito haiko ya shukrani. Ni ya bale walienda mbele. Ndugu zangu wawili walikuwa mbele. Hawakugeuka. Walinisikia nalia, Nzigire, mudogo wao wa tumbo moja, na hawakugeuka. Unajua ile ni nguvu gani?"

"Ninajua."

"Haujui. Ukimuita Zihindula pamoja nao, unawaambia kwamba walikufa bure. Kwamba wangeweza kugeuka tu, na isingekuwa neno."

"Walikufa kwa risasi, Ya Polycarpe. Hawakufa kwa macho ya mutu."

"Maji ilikuwa inafanya kazi. Siku zote za kabla yake ilifanya kazi."

"Ile maji niliichota mimi!" Goreth alichungulia kutoka jikoni. Nzigire alishusha sauti, ikawa mbaya zaidi. "Mimi, na hii mikono. Pale tulilowekaka mihogo. Siku ile haikupungukiwa na kitu. Ilikuwa maji."

Polycarpe alifumba macho. Alipoyafumbua alionekana mzee kuliko alivyokuwa mlangoni.

"Kama ilikuwa maji tu," alisema polepole, "basi tulikuwa batoto, na bakubwa walitusukuma kwenye bunduki na mikono mitupu. Mimi siwezi kuishi na ile. Bora mutu mumoja aligeuka."

 Nzigire alikuwa amekuja na hasira zilizokunjwa vizuri kama mashuka, na sasa hakujua aziweke wapi. Mtu huyu hakuwa adui. Alikuwa amejijengea nyumba juu ya jiwe moja, na jiwe hilo lilikuwa kaburi la kaka yake.

"Nikuulize kitu kimoja," alisema. "Kesho yake. Weye ulikuwa umelala pale kando ya chungu, na mguu yako imefungwa majani. Ulimuona anapanda?"

"Nilimuona."

"Bale wengine walipanda wakiwa na maji mwilini. Waliamini risasi itayeyuka. Yeye alipanda mukavu. Alijua haitayeyuka. Sasa niambie, Ya Polycarpe, kati yao na yeye, mwenye kuogopa alikuwa nani?"

 Polycarpe aliuteremsha mguu kutoka kwenye kistuli kwa mikono miwili, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala.

"Utabeba maji?" aliuliza.

"Nitabeba."

"Hautageuka?"

Nzigire alichukua mkoba wake. "Tutaonana Columbus," alisema.

Kabla ya kupanda basi alikwenda kusimama kidogo kando ya Niagara. Upepo ulimkata masikio. Maji yalipita mbele yake kwa kasi, mengi, yasiyomjali mtu, na aliyatazama kwa jicho la mtu wa kazi hiyo. Alifikiri: hata haya yangetosha. Tawi lingechovywa humu, na vijana wangeamini.

Ukumbi wa Hilliard ulikuwa na zulia la kijivu na mashine ya kupoza hewa iliyonguruma kama lori. Ilikuwa Jumamosi ya joto. Wanawake walikuwa wamevaa vitenge vipya, watoto walikimbizana kati ya viti wakipigiana kelele za Kiingereza, na mzungu mwenye ukumbi alikuwa amemwambia Précieux mara mbili kwamba zulia lisilowe. Mbele, kando ya bendera, Polycarpe alikaa kwenye kiti cha heshima, koti la suti limefungwa vifungo vyote, fimbo kati ya magoti.

Nzigire alisubiri nje ya mlango wa nyuma. Chungu hakikupatikana Ohio nzima. Walimletea beseni la plastiki la bluu, na Sandrine alilijaza kwenye bomba la chooni.

"Mama, ni mazito?"

"Maji hayajawahi kuwa mepesi."

"Précieux amesema majina ni yale yale. Nilimuuliza." Sandrine alimtazama mama yake machoni. "Tunaweza kurudi nyumbani. Gari iko hapo."

"Inua."

Sandrine akaliinua, Nzigire akaliweka sawa juu ya kata ya kitenge. Kutoka ndani walisikia sauti ya Précieux ikipanda kwenye kipaza sauti, ikieleza wageni kwamba sasa watashuhudia ushujaa wa mababu, vijana waliokwenda mbele bila kugeuka. Ngoma ikapigwa taratibu. Mlango ukafunguliwa.

Akaingia. Watu walisimama pande zote mbili. Wengine walishika midomo, kwa maana mikono yake ilining'inia mitupu na beseni lilikaa kichwani kana kwamba limeota pale, na uso wa maji haukutikisika. Mabibi wazee walianza kupiga vigelegele. Nzigire alipita safu ya vijana, akapita safu ya wanawake wenye watoto mgongoni, akafika katikati ya ukumbi.

Pale akasimama.

Ngoma iliendelea kidogo, ikasita. Précieux alitabasamu kwenye kipaza sauti. "Mama yetu anapumzika kidogo. Umri, eh? Tumpe makofi."

Makofi yakapigwa. Na yalipokuwa yanapigwa Nzigire aligeuka. Aligeuka mwili mzima, polepole, jinsi mtu anavyogeuka na mzigo wa maji, mpaka bendera na kiti cha heshima vikawa mgongoni mwake na mlango alioingilia ukawa mbele ya macho yake. Makofi yalikufa. Bibi mmoja alisema, "Yesu wangu!" Mwingine, kutoka upande wa meza ya chakula, alipaza sauti: "Mama, njia ni huku! Mbele!"

"Mbele ninapajua," Nzigire alisema. "Nilipaonaka kabla haujazaliwa."

Vijana wawili wakacheka, wakanyamazishwa.

"Mama Nzigire," Précieux alisema, sauti ya redio imepasuka katikati. "Bon. Sheria ya maji, unaijua. Mwenye kubeba hageuki."

"Nimegeuka. Munaona? Hakuna hata tone. Hesabuni watu wenu, muone kama kuna mwenye amekufa." Kisha akavuta pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke wa mashuka. Ilikuwa ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Zihindula!"

 Jina lilikwenda likagonga mlango, likabaki pale. Katika desturi yao hakuna kitu kibaya kuliko jina la marehemu kuitwa hadharani likose wa kulipokea, kwa hiyo watu walitazama miguu yao. Aliyeita hawezi kujijibu. Nzigire alilijua hilo.

"Zihindula!"

Mashine ya hewa ilinguruma. Kutoka nyuma yake alisikia kiti kikisogea, kisha fimbo. Fimbo, mguu, na ule mguu mwingine ukiburutwa. Hakutazama. Alisikia Précieux akinong'ona, "Muzee, kaa tu, tutamaliza hii," na sauti ya Polycarpe ikisema, "Niache, kijana." Fimbo ilikuja kati ya safu za viti, ikampita ubavuni, ikasimama. Polycarpe alikuwa mbele yake sasa, mgongo kwa mlango, jasho likimtiririka chini ya masikio. Hakulitazama beseni. Alimtazama yeye.

"Geuka, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Bantu banatuangalia."

"Sigeuki. Umujibie."

"Siwezi kusema yuko mbele. Ile itakuwa uongo, na ndugu zangu wananisikia."

"Sikukuomba uongo, Ya Polycarpe. Ulikuwa pale. Sema alikuwa wapi."

Midomo ya mzee ilitafuta kitu. Ukumbi wote ulikuwa umeinama kuelekea kwake, hata watoto, ambao hawakujua ni nini kinachosubiriwa lakini walijua kinasubiriwa.

"Hakukuwa mbele," Polycarpe alisema.

"Sema basikie."

"Hakukuwa mbele!" Alipiga fimbo kwenye zulia. "Alikuwa chini yangu! Mimi nilikuwa juu ya mugongo yake, na risasi zilikuwa zinapita, na alikuwa anapumua kama ng'ombe, na hakunitupa. Na kesho yake nilimuona anapanda." Aliegemea fimbo. "Alipanda mukavu. Mimi nilikuwa nimelala. Nilimuona."

 Hakusema sheria ilikuwa ya uongo, wala hakusema wenzake walikosea, na Nzigire hakumdai hayo. Mmoja wa wale mabibi wawili waliokuja na kanisa la Louisville, wale waliojua, alisimama akashika kiti cha mbele yake.

"Alikuwa chini," alisema, kama anajaribu neno mdomoni. Kisha kwa nguvu: "Zihindula alikuwa chini!"

Wanawake wakalipokea kwanza. Wanaume wengi walinyamaza, na wawili wa safu ya mbele walitoka nje wakiwa wamekunja nyuso. Lakini vijana, ambao walipenda kujibu kitu chochote kinachojibiwa kwa sauti, walijibu mpaka madirisha yakatetema: "Alikuwa chini!"

Précieux alikuwa amekishika kipaza sauti kama mtu aliyeshika samaki wa mtu mwingine. "Donc," alisema, "sasa tufanye nini?"

"Sasa tunakuja," alisema Nzigire. "Uite na wale wengine. Wote. Usiruke mutu."

Akageuka tena kuelekea bendera, na beseni likageuka naye. Shingo ilimuuma sasa, maana maji hayakuwa mepesi. Akaanza kutembea. Nyuma yake fimbo ilianza pia, mguu, na mguu unaoburutwa, lakini ilibaki mbali, kwa kuwa mzee alikuwa amechoka na watu walikuwa wengi njiani. Nzigire alipunguza mwendo. Kila baada ya hatua chache alisimama, akageuza kichwa taratibu pamoja na beseni lake la bluu, akatazama kama Polycarpe anafuata, akaendelea.